Umechelewa au Umecheleweshwa? Sarufi ya Swali katika Mahojiano ya Asubuhi ya Redio za Mikoani Tanzania

Ikisiri

Mahojiano ya asubuhi baina ya mtangazaji wa redio na kiongozi wa umma ni utanzu wa Kiswahili cha kusemwa unaosikilizwa sana lakini unaohakikiwa kwa nadra. Lawama inayotolewa mara nyingi ni kwamba watangazaji wa mikoani hawana ujasiri, au kwamba adabu ya Kiswahili inawazuia kuwabana wageni wao. Makala haya yanapinga maelezo hayo. Yanadai kwamba udhaifu wa mahojiano haya unakaa zaidi katika sarufi ya swali: katika fremu ya “elimu” inayomgeuza mwananchi kuwa mwanafunzi, katika uteuzi wa vitenzi visivyo na nafasi ya mtenda, na katika utaratibu wa kukusanya maswali ya wasikilizaji kwa mkupuo. Makala yanaonesha pia kwamba mfumo wa unyambulishaji wa Kiswahili unampa mtangazaji nyenzo ya kuuliza kwa uthabiti bila kuvunja heshima. Mifano ya sentensi iliyotumika imeundwa kwa kufuata kaida za vipindi hivyo. Si nukuu za kituo au mtu yeyote.

1.0 Utangulizi

Katika miji mingi ya mikoani Tanzania siku ya umma huanzia redioni. Kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi vituo vya redio hupitia kurasa za mbele za magazeti, hutoa taarifa za eneo, kisha humkaribisha mgeni: Mkuu wa Wilaya, Mkurugenzi wa Halmashauri, mganga mkuu, meneja wa wakala wa maji au wa barabara, kamanda wa polisi, diwani. Mahojiano hayo husikika kwenye daladala, sokoni, jikoni na kwenye vibanda vya chai. Kwa wakazi wa wilaya ambayo haina gazeti lake, na ambayo habari zake hufika kwenye televisheni ya taifa pale tu ajali inapotokea, nusu saa hiyo ndiyo mahali pekee ambapo sera inayowagusa hujadiliwa kwa sauti na kwa jina la kijiji chao.

Kwa sababu hiyo, ubora wa mahojiano hayo haupaswi kuachwa kuwa suala la weledi wa uandishi wa habari peke yake. Ni suala la lugha. Mwananchi anayetaka kujua kwa nini bomba la kijiji chake halitoi maji anahitaji mambo matatu katika jibu: nani anahusika, kiasi gani kinahusika, na lini jambo litafanyika. Mahojiano yanayomrudisha nyumbani bila hata moja kati ya hayo yamemnyima kitu, hata kama yalikuwa ya staha, yenye Kiswahili sanifu na yaliyojaa shukrani.

Clayman na Heritage (2002), katika uchambuzi wao wa mahojiano ya habari ya Uingereza na Marekani, wanaonesha kuwa swali la mhoji halisubiri tu jibu. Huweka ajenda na hubeba dhana tangulizi ambazo mhojiwa hulazimika kuzikubali au kuzikataa. Hoja hiyo ni ya msingi hapa, lakini haitoshi. Lugha waliyoichunguza haina mfumo wa unyambulishaji wa vitenzi wenye upana wa Kiswahili. Katika Kiswahili, suala la nani ametenda linaweza kuingizwa au kufutwa ndani ya kitenzi kimoja kwa silabi moja. Uhakiki wa mahojiano ya Kiswahili hauna budi kuanzia hapo.

2.0 Urithi wa darasa

Mahojiano ya asubuhi hayakuzuka pamoja na redio binafsi. Yalirithi sauti ya redio ya taifa, na sauti hiyo kwa miongo kadhaa ilikuwa ya mwalimu. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa chombo cha ujenzi wa taifa, na mafanikio yake makubwa yalipatikana katika elimu ya watu wazima. Kampeni ya “Mtu ni Afya” ya mwaka 1973 na ile ya “Chakula ni Uhai” ya mwaka 1975 ziliwakusanya watu kwa mamilioni katika vikundi vya kusikiliza redio. Kikundi kilikuwa na kiongozi wake na kitabu chake. Wanakikundi walisikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo au kusafisha vyanzo vya maji.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa vituo visivyo vya serikali, na baadaye zilipoibuka redio za jamii kama vile ORS FM ya Terrat wilayani Simanjiro, Sengerema FM na Pangani FM, sauti ya mwalimu haikutoweka. Ilihamia kwenye mahojiano. Hadi leo mtangazaji humwomba mgeni “atoe elimu” kuhusu bima ya afya, “atoe elimu” kuhusu hatimiliki za ardhi, “atoe elimu” kuhusu ushuru mpya wa mazao. Mgeni naye hufunga kwa kuahidi kwamba ofisi yake “itaendelea kutoa elimu”.

Kilichorithiwa ni nusu ya urithi. Somo limebaki, kikundi kimepotea. Katika kampeni za miaka ya 1970 msikilizaji alikuwa na watu wa kujadiliana nao na kazi ya kufanya baada ya kipindi. Katika mahojiano ya sasa anabakiwa na nafasi ya mwanafunzi tu. Fremu hiyo ina athari ya kimaana. Kinachofundishwa huchukuliwa kuwa kimekwisha kuamuliwa. Mwanafunzi anaweza kukielewa au kutokielewa, lakini hakikatai. Mkulima anayelalamikia ushuru mkubwa huambiwa kwamba hajapata elimu ya kutosha. Tofauti ya maslahi imegeuzwa kuwa upungufu wa maarifa, na mabadiliko hayo hufanywa na neno moja tu ambalo hakuna anayeweza kulipinga, kwani nani atasimama hadharani kuikataa elimu?

Methali isemayo “kuuliza si ujinga” huimarisha fremu hiyo bila kukusudia. Methali hiyo humlinda asiyejua ili asione haya kuuliza. Lakini mkazi aliyeamka saa kumi usiku kwa miezi kadhaa kutafuta maji si mtu asiyejua. Anajua zaidi ya mgeni aliyeko studioni. Anachohitaji si kuruhusiwa kujifunza bali kujibiwa.

3.0 Maswali yasiyouliza

Anayesikiliza vipindi hivi kwa wiki mbili mfululizo atatambua kanuni tatu za maswali ambazo hujirudia bila kujali mada. Ya kwanza ni ya ufunguzi: “Mheshimiwa, tupe elimu kidogo kuhusu suala hili.” Ya pili ni ya katikati: “Unalizungumziaje suala hili?” Ya tatu ni ya kufunga: “Wito wako ni upi kwa wananchi?”

Kwa umbo, ya pili na ya tatu ni maswali, na ya kwanza ni ombi. Kwa kazi, zote tatu ni mialiko. “Unalizungumziaje” inamtaka mgeni azungumze. Chochote atakachosema kuhusu suala hilo kitakuwa jibu halali. Haiwezekani kushindwa kujibu swali la namna hiyo, na kwa hiyo haiwezekani pia kwa msikilizaji kutambua kwamba halikujibiwa. Linganisha na “Visima vingapi kati ya vile vilivyotajwa kwenye bajeti vinatoa maji leo?” Hapa jibu lina umbo linalotarajiwa, yaani idadi. Mgeni asipotoa idadi, pengo linasikika.

“Wito wako kwa wananchi” inastahili kutazamwa kwa makini zaidi kwa kuwa ndiyo inayobaki masikioni. Mahojiano yaliyoanza na malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi huishia na maagizo ya ofisi kwa wananchi: walinde miundombinu, walipe ankara kwa wakati, watoe taarifa, wawe watulivu. Mwelekeo wa wajibu umegeuzwa. Aliyekuja kujieleza anaondoka akiwa ameagiza. Ni mara chache sana mtangazaji husikika akifunga kwa kinyume chake: “Ahadi yako kwa wananchi ni ipi, na wakukumbushe lini?”

4.0 Kitenzi na mtenda wake

Kiini cha makala haya kiko katika kauli za vitenzi. Sarufi za Kiswahili, tangu Ashton (1944) hadi za wanasarufi wazawa, zinatofautisha kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Tofauti hiyo hufundishwa sekondari, lakini matokeo yake katika lugha ya umma hayajapewa uzito unaostahili. Tazama mifano ifuatayo:

(1) Barabara imeharibiwa.
(2) Barabara imeharibika.

Sentensi ya (1) haimtaji mtenda, lakini imemwachia kiti. Inaweza kuendelezwa kwa “na malori ya mchanga” au “na mkandarasi”, na hata isipoendelezwa msikilizaji ana haki ya kuuliza “na nani?” Sentensi ya (2) haina kiti hicho. Inakubali chanzo, kama katika “imeharibika kwa mvua”, lakini haikubali mtenda. Anayeuliza “imeharibika na nani?” anasikika kama asiyejua lugha. Kwa hiyo mhojiwa anayechagua kauli ya kutendeka hajaficha tu jina la mhusika. Amelifanya swali kuhusu mhusika lisikike kuwa ni kosa la sarufi.

Kauli ya kutendeka si njia pekee. Vipo vitenzi ambavyo kwa mzizi wake havibebi mtenda wa nje, na ndivyo vinavyotawala majibu ya asubuhi: mradi “umekwama”, fedha “zimechelewa”, pampu “imekufa”, zoezi “limesuasua”. Vipo pia vya kujirejea. Katika “changamoto imejitokeza”, kirejeshi -ji- kinaifanya changamoto kuwa mtenda na mtendwa wa tendo lake lenyewe: imejitoa, haikutolewa na mtu. Neno “changamoto” lenyewe, ambalo limechukua nafasi ya “tatizo” karibu kila mahali, huongeza wepesi huo. Tatizo hudai ufumbuzi na lina mwenye kulisababisha. Changamoto hukabiliwa, na mwenye kuikabili husifiwa.

Itakuwa makosa kuhitimisha kwamba kila kauli ya kutendeka ni hila. Yapo mambo yasiyo na mtenda, na lugha inayaeleza kwa uaminifu. Daraja lililochukuliwa na mto “limebomoka”. Hata hivyo, mara nyingi mjadala wenyewe wa sera huwa ni juu ya kauli ipi inafaa. Mafuriko ya Rufiji na Kibiti ya Aprili 2024 ni mfano mzuri. Wapo waliouliza kama maji yaliyoingia mashambani na majumbani yalihusiana na uendeshaji wa Bwawa la Julius Nyerere. Serikali ilisisitiza kwamba chanzo kilikuwa mvua kubwa. Kiisimu, huo ni ubishi baina ya “maji yameongezeka” na “maji yamefunguliwa”. Haukuweza kuamuliwa kwa sarufi. Ulihitaji takwimu za mvua na za mtiririko wa mto. Lakini mtangazaji anayepokea kitenzi cha upande mmoja na kukirudia katika swali lake linalofuata amekwisha kutoa hukumu kabla ya takwimu kufika.

Hapa ndipo nyenzo inapopatikana. Kiswahili humruhusu msemaji kuchukua mzizi uleule alioutumia mwenzake na kuunyambua upya:

(3) Mradi umekwama. / Umekwama au umekwamishwa?
(4) Fedha zimechelewa. / Zimechelewa au zimecheleweshwa?

Swali la namna hii lina sifa tatu. Kwanza, linatumia neno la mgeni mwenyewe, kwa hiyo halimwekei maneno kinywani. Pili, linarudisha kiti cha mtenda kilichoondolewa, kwa kuwa “kwamishwa” na “cheleweshwa” hukubali “na nani”. Tatu, na hili ndilo muhimu kwa haki ya mhojiwa, halidai kwamba mhusika yupo. Swali “Nani amezichelewesha fedha?” linatanguliza dhana ambayo huenda si kweli; pengine fedha zilichelewa kwa sababu makusanyo ya mapato yalikuwa madogo. Swali la (4) linamwachia mgeni uchaguzi halisi, ila linamtaka achague. Akijibu “zimechelewa tu”, amesema jambo linaloweza kuhakikiwa. Akijibu “zimecheleweshwa”, amefungua mlango wa swali linalofuata.

5.0 “Sisi” ni nani, na “tunakwenda” lini?

Kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi, tu-, hakitofautishi baina ya sisi tunaomjumuisha msikilizaji na sisi tusiomjumuisha. Zipo lugha nyingi duniani zenye viwakilishi viwili kwa ajili hiyo. Kiswahili kina kimoja, na muktadha huachiwa kazi ya kutenganisha. Katika mahojiano ya asubuhi muktadha hutumiwa kuchanganya. Katika jibu moja tu- inaweza kumaanisha ofisi (“tumepokea fedha”), kisha Serikali kwa jumla (“tumejipanga”), kisha wakazi wote (“tunapaswa kulinda miundombinu yetu”), kisha wakazi bila ofisi (“tumekuwa tukijenga kwenye hifadhi ya barabara”). Mpito kutoka maana moja hadi nyingine hausikiki. Kwa utaratibu wa jumla, mafanikio hutajwa kwa nomino iliyo wazi, “Serikali imeleta”, ilhali mapungufu huhifadhiwa ndani ya tu- pana inayomgawia kila mmoja sehemu ya lawama. Swali fupi la ufafanuzi, “Mkurugenzi, unaposema ‘tumeshindwa’, unamaanisha halmashauri au unatujumuisha na sisi wakazi?”, si utovu wa adabu. Ni huduma kwa msikilizaji.

Njeo nayo ina siasa yake. Wakati ujao wa -ta- huunda ahadi iliyo wazi: “tutakamilisha”. Katika lugha ya viongozi wa miaka ya karibuni umeenea muundo wa “tunakwenda” ukifuatiwa na kitenzi-jina: “tunakwenda kukamilisha”, “tunakwenda kumaliza kero hii”. Muundo huo huonesha tendo kama kwamba limekwisha kuanza, ingawa hakuna kilichoanza ila safari. Huandamana na “tuko mbioni” na “mchakato unaendelea”, misemo miwili ya mwendo isiyo na kituo. Mtangazaji anapouliza “lini?”, jibu la kawaida ni “ndani ya mwaka huu wa fedha”. Hilo kwa hakika si jibu baya. Mwaka wa fedha wa Tanzania huanza Julai 1 na kuishia Juni 30, kwa hiyo kuna tarehe ndani yake. Kazi iliyobaki ni ya tafsiri ya Kiswahili kwa Kiswahili: “Yaani kabla ya Juni 30 wakazi wawe wanachota maji?” Wasikilizaji wengi hawaishi kwa kalenda ya bajeti. Swali hilo la maneno machache huigeuza lugha ya ofisi kuwa tarehe ambayo mama muuza mboga anaweza kuikumbuka.

6.0 Sauti za wasikilizaji na mkupuo wa maswali

Watetezi wa vipindi hivi husema kwamba hata mtangazaji akiwa mpole, wananchi wenyewe huuliza kupitia simu na ujumbe mfupi. Hoja hiyo ina uzito, na hakuna shaka kwamba maswali makali zaidi ya asubuhi hutoka kwa wasikilizaji. Lakini utaratibu wa kuyawasilisha huyapokonya makali. Kwa kawaida mtangazaji husema kwamba ujumbe ni mwingi na muda umekwisha, kisha husoma maswali manne au matano kwa mkupuo, ndipo mgeni ajibu.

Misingi ya uchambuzi wa mazungumzo, tangu Sacks, Schegloff na Jefferson (1974), inaeleza kuwa swali na jibu ni jozi pacha: sehemu ya kwanza ikitokea, kutokuwepo kwa ya pili kunaonekana. Mkupuo huvunja jozi hiyo. Maswali matano yakisomwa pamoja, jibu moja refu linaweza kugusa mawili na kuyaacha matatu, na hakuna atakayesikia pengo. Aidha, mgeni huanza kwa lile lililo rahisi, na muda humalizika kabla ya lile zito.

Pamoja na hayo, ujumbe hubadilishwa kauli unaposomwa. Msikilizaji aliyeandika kwamba mtendaji fulani anawatoza fedha bila stakabadhi husomwa kama “msikilizaji wetu analalamikia suala la tozo”. Tendo lenye mtenda limegeuzwa kuwa nomino, na nomino imefunikwa na neno “suala”. Zipo sababu halali za kuondoa jina la mtu anayetuhumiwa hewani bila ushahidi. Kulitaja kunaweza kumdhulumu mtu na kukiingiza kituo matatani. Lakini jina linaweza kuondolewa bila kitenzi kuondolewa. “Msikilizaji anasema anatozwa bila kupewa stakabadhi, je, utaratibu unaruhusu hilo?” ni swali lisilomtaja mtu, lenye tendo kamili ndani yake.

Mfano wa sera moja unaweza kukusanya hoja zote. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Serikali ilisitisha utoaji wa mikopo hiyo mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, na ukarejeshwa mwaka 2024. Ni sera yenye asilimia, makundi na chanzo cha fedha kinachojulikana. Yaani sera inayohojika. Hata hivyo, ikiingizwa katika fremu ya elimu, mahojiano hujaa maelezo ya jinsi ya kuunda kikundi, kuandika katiba na kufungua akaunti. Maelezo hayo yana manufaa na hayafai kubezwa. Lakini swali la kimsingi, kwamba mapato ya ndani ya halmashauri hii yalikuwa kiasi gani, asilimia 10 yake ni shilingi ngapi, na vikundi vingapi vimezipata, halina nafasi darasani. Hilo ni swali la mwenye mali, na mwanafunzi haulizi hesabu za shule.

7.0 Adabu, sheria na mfano wa jirani

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hizi ni la adabu. Husemwa kwamba Mswahili hambani mkubwa wake hadharani, na kwamba mahojiano ya kudadisi ni desturi ya kigeni. Pingamizi hilo halikubaliani na historia ya lugha yenyewe. Malumbano ya washairi, majibizano ya barazani na usuluhishi wa wazee ni taasisi za kuuliza na kujibu kwa ukali uliofungwa ndani ya staha. Zaidi ya hayo, lugha ina vilainishi vya kutosha: “naomba”, “labda”, “kwa ruhusa yako”, na dhamira tegemezi ya “utufafanulie”. Brown na Levinson (1987) wanaeleza jinsi vilainishi vinavyolinda uso wa anayeambiwa. Kinachosahaulika ni kwamba kilainishi hukaa pembezoni mwa swali, si ndani ya kitenzi chake. “Naomba utufafanulie, Mheshimiwa, mradi umekwama au umekwamishwa?” lina heshima kamili na uthabiti kamili. Adabu haikumzuia mtangazaji. Ilitumiwa kama kisingizio cha kauli iliyochaguliwa vibaya.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Vituo vya mikoani hufanya kazi chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 na Kanuni za Maudhui za mwaka 2018, na Mamlaka ya Mawasiliano ina uwezo wa kuonya, kutoza faini na kusimamisha matangazo. Kituo kidogo chenye leseni moja hakiwezi kulichukulia hilo kwa wepesi. Isitoshe, mgeni wa leo ndiye chanzo cha habari cha kesho. Mtangazaji akimuudhi, simu haitapokewa. Makala haya hayadai kwamba sarufi inaweza kufuta shinikizo hilo. Yanadai jambo dogo zaidi: kwamba kati ya kunyamaza na kushutumu kuna eneo pana la maswali halali ambalo kwa sasa halitumiki. Hakuna kanuni inayokataza kuuliza “kiasi gani” au “kabla ya tarehe ipi”.

Kenya inatoa ulinganisho wenye mafunzo. Katiba ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47, na Jedwali lake la Nne likagawa majukumu baina ya serikali ya kitaifa na serikali za kaunti. Mgawanyo huo ulimpa mtangazaji wa Kiswahili wa Mombasa au Kilifi swali lililo tayari: “Hili ni jukumu la kaunti au la serikali ya kitaifa?” Swali hilo linaanza na mtenda. Halimalizi kazi, kwani wahojiwa hujifunza haraka kurushiana jukumu kama mpira. Lakini hata kurushiana mpira ni hatua mbele ya mpira usio na mchezaji. Tanzania nayo ina migawanyo ya aina hiyo isiyotumiwa vya kutosha studioni. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, ilhali za wilaya ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, iliyoanzishwa mwaka 2019. Mtangazaji anayeanza kwa “Barabara hii ni ya nani?” amekwisha kuweka mtenda mezani kabla ya mgeni kuchagua kitenzi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamehakiki mahojiano ya asubuhi ya redio za mikoani kama utanzu wa lugha wenye sarufi yake. Imeoneshwa kwamba urithi wa redio ya elimu umeacha fremu inayomweka mwananchi katika nafasi ya mwanafunzi. Kwamba maswali ya kikanuni hualika maneno badala ya kudai majibu. Kwamba kauli ya kutendeka, vitenzi visivyo na mtenda, kiambishi tu- na muundo wa “tunakwenda” vinashirikiana kuondoa mhusika na tarehe. Na kwamba mkupuo wa maswali huvunja jozi ya swali na jibu. Imeoneshwa vilevile kwamba tiba haihitaji lugha nyingine wala adabu nyingine.

Kwa vyuo vinavyofundisha Kiswahili na vile vinavyofundisha uandishi wa habari, matokeo yake ni ya moja kwa moja. Mnyambuliko wa vitenzi hufundishwa kwa majedwali: piga, pigwa, pigika, pigisha. Mwanafunzi hufaulu mtihani kwa kujaza jedwali, kisha huajiriwa redioni na kumwacha meneja aseme “imeharibika” mara tano bila yeye kulisikia jedwali lake. Somo hilo lingefundishwa kwa rekodi za mahojiano, akaombwa kutaja ni kitenzi kipi kilichomwondoa mtenda na swali gani lingemrudisha, sarufi ingekuwa na kazi. Mkazi wa kijiji ambacho bomba lake ni kavu hana njia ya kuingia studioni. Anawakilishwa hapo na kitenzi cha mtangazaji, na kitenzi hicho kisipokuwa na nafasi ya mtenda, hata malalamiko yake hubaki hayana wa kuyapokea.